Ndege Niliyoigeuza Mbele Nyuma

Siku ya kuniaga mlitaka nihutubie. Nilikataa kwa sababu meneja alishazungumza mpaka chai ikapoa, na mimi sipendi chai baridi. Sasa niko nyumbani, kahawa imechumwa, ng'ombe amekamuliwa, nina kalamu na daftari. Nitawaandikia ninyi mnaobaki pale kiwandani, na mwenye kucheka mwandiko wangu acheke. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Yaliyobaki nilijifunza nikiwa nimesimama.

Sitaandika juu ya mshahara wala cheo. Mshahara mnaujua, na cheo nilichopewa mwisho kilikuwa na jina refu kuliko kazi yenyewe.

Niliingia kiwandani mwaka uleule wa uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa kijijini Tabaka kwa mjomba wangu, tukichonga mawe ya sabuni: viboko, vibakuli, visahani vya kutilia majivu ya sigara. Mikono yangu ilikuwa myeupe kwa vumbi la mawe kama ya mtu aliyetoka kusaga unga. Nilisikia mjini Kisii kuna mtu anachapa karatasi na anatafuta kijana mwenye mkono uliotulia. Nilikwenda na kiboko kimoja mfukoni, sikuwa na barua yoyote. Msimamizi alikuwa Mzee Nyabuto, mpanga herufi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikigeuza kile kiboko mkononi, akakitazama kinywani mpaka kwenye meno.

"Umechonga wewe?"

"Ndiyo, omogaka," nikajibu, kama mtu anavyomwita mzee.

"Meno umeyahesabu?"

"Sijawahi kumwona kiboko akifungua kinywa."

"Basi umemsingizia," akasema, akanionyesha ufagio. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilifagia miezi minne. Katika kufagia nilijifunza herufi upya, maana kila herufi ya risasi iliyoanguka chini ilibidi niirudishe kwenye kisanduku chake, na herufi ya risasi imeelekea upande usio wake. Mpaka leo nasoma maneno yaliyogeuzwa haraka kuliko yaliyonyooka. Mke wangu hulicheka jambo hilo. Yeye alifika darasa la saba.

Mzee Nyabuto ndiye aliyenifundisha kukata vibao vya picha. Siku hizi mnapiga picha kwa mashine na kila kitu kinatokea kama kilivyo, hata chunusi. Sisi tulichukua lino, lile zulia gumu la sakafuni, tukalibandika juu ya ubao, tukalikata kwa visu. Unapokata panabaki peupe, unapoacha panashika wino. Visu vya duka vilikuwa ghali na vilivunjika, kwa hiyo tulitengeneza vyetu kwa njiti za mwavuli. Njiti ya mwavuli ina mfereji katikati. Ukiinoa ncha juu ya jiwe na kuipachika kwenye mpini wa mti, inakata lino kama kijiko kinavyochota siagi. Kila mwavuli uliokufa Kisii ulipitia kwangu. Watu walidhani nina wazimu wa mvua.

Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha tangazo la chama cha wakulima, wanaume wawili wakisalimiana. Nilikikata vizuri mno. Kilipochapwa, wanaume wale walikuwa wanapeana mikono ya kushoto, kwa sababu kibao hugeuza kila kitu. Mwenyekiti wa chama alikuja mwenyewe na tangazo mkononi, akauliza kama tunataka wanachama wake wapigane. Tangu siku hiyo sikukata kibao bila kukitazama kwanza kwenye kioo. Ninyi pia tumieni kioo, hata kama mashine inawaambia si lazima.

Nimewaambia hayo ili muelewe kwamba kosa nitakaloliandika sasa halikuwa la mtu asiyejua kazi. Wakati huo nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kwenye vibao. Watu walitoka hata Masimba kuja kumtafuta Omwenga wa picha. Lilikuwa kosa la fundi aliyejiamini, na hilo ni baya zaidi.

Alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Magwagwa, Mwalimu Kemunto. Msabato, mwembamba, anazungumza kwa sauti ya chini na hakuna anayemkatiza. Alikuwa ameandika kitabu cha watoto, kwa Kiswahili, cha jinsi watu walivyoanza kuruka angani. Kilianza na waliojifunga mabawa ya manyoya wakaanguka, kikaja baluni ya moto, halafu ndugu wawili wa Amerika waliotengeneza ndege ya kwanza yenye injini. Ndugu wale walikuwa mafundi wa baiskeli. Nilipoambiwa hivyo nilimwomba arudie.

"Mafundi wa baiskeli?"

"Ndiyo, Fundi. Walikuwa na duka la baiskeli."

"Walisoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu hawakwenda."

Nilikipenda kitabu kile papo hapo.

Alikuwa amekiandika kwa miaka mitatu, jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Kulikuwa na mkaguzi wa shule ambaye angekitazama kikiwa kitabu kamili, siyo karatasi za mkono. Akikikubali, kingesomwa katika shule za wilaya. Akikikataa, basi, maana mwalimu wa darasa la nne kutoka Magwagwa hapewi nafasi mbili. Hayo alituambia wazi, mimi na Mzee Nyabuto, akiwa amesimama na mkoba wake mbele ya tumbo.

Picha zilikuwa nane. Saba sikupata taabu. Ya nane ndiyo ile ndege ya ndugu wawili. Aliniachia ukurasa uliokatwa kwenye gazeti kuukuu la kigeni, picha ndogo kama kiganja cha mtoto, imefifia. Niliitazama kwa lenzi ya Mzee Nyabuto siku mbili. Kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba aliyeichora hakujua ndege. Mkia ulikuwa mbele. Propela zilikuwa nyuma. Magurudumu hayakuwapo kabisa. Na yule rubani, badala ya kuketi kama mtu, alikuwa amelala kwa tumbo juu ya bawa, kama mtu aliyelewa akaangukia uzio.

Mimi ndege nilikuwa nimeiona. Siku moja ndege ndogo ilitua kwenye uwanja wa nyasi, nikaizunguka yote kabla askari hajanifukuza. Propela mbele, mkia nyuma, magurudumu matatu, mtu ameketi. Kwa hiyo nilimsaidia yule mchoraji wa kigeni. Niligeuza mkia ukaenda nyuma, nikaleta propela mbele, nikaweka magurudumu matatu mazuri ya mviringo, nikamketisha rubani na kumpa kofia. Kibao kilipokwisha nilikitazama kwenye kioo, kama ilivyo desturi yangu, nikaona ni kibao bora kuliko vyote nilivyowahi kukata. Na kweli kilikuwa bora. Mistari ya mabawa ilikuwa myembamba kama nywele.

Mtauliza mwalimu alikuwa wapi. Zilikuwa mvua za masika, barabara ya Magwagwa imekuwa uji. Maneno tulimpelekea kwa posta akayakagua na kuyarudisha. Picha ya nane ilikuwa bado haijaisha, akaandika pembeni: Fundi Omwenga namwamini, chapeni tu. Tukachapa. Mashine yetu ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Nilikanyaga nakala mia sita.

Ijumaa moja mchana tulikuwa tunakunja karatasi, mimi na Mzee Nyabuto, kila mmoja na mfupa wake wa ng'ombe wa kulainishia mkunjo. Kukunja kunachosha akili, na mimi sikuwa nimekisoma kitabu. Kusoma kwangu wakati huo kulikuwa kwa kuhesabu silabi, na nilikuwa na kazi. Nikamwambia, "Mzee, nisomee. Nataka nisikie mafundi wa baiskeli."

Akasoma. Alisoma vizuri Mzee Nyabuto, kama mtu wa redio. Akafika ukurasa wangu, ambao herufi zake alizipanga kabla kibao changu hakijaisha. Kitabu kikasema ya kwamba ndege ile haikuwa na magurudumu, iliteleza juu ya reli ya mbao. Kikasema usukani wa kupanda na kushuka uliwekwa mbele, na propela mbili zikawekwa nyuma ya mabawa zisukume. Kikasema rubani alilala kifudifudi ili upepo usimzuie.

Mfupa wa ng'ombe ulisimama mkononi mwangu. Mzee Nyabuto akaacha kusoma. Alitazama maneno, akatazama picha iliyo juu ya maneno, akavua miwani.

"Omwenga. Huyu wako ameketi."

"Nimeona."

"Ana kofia."

"Nimeona, Mzee."

Akavaa miwani tena. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ijapokuwa hapakuwa na mtu mwingine, "Kunja. Nani Kisii nzima amewahi kuiona ndege hiyo? Mkaguzi atahesabu kurasa, atatia sahihi, ataenda zake. Mwalimu mwenyewe atadhani gazeti lake lilififia."

Nilikunja karatasi nne zaidi. Nikaweka mfupa chini. Mzee Nyabuto nilimheshimu kuliko mtu yeyote mjini, lakini hapo alisema kwa sababu alinipenda, na mtu akikupenda anaweza kukushauri vibaya sana. Nilimwambia nitakwenda Magwagwa kesho asubuhi.

"Kesho ni Sabato."

"Mkaguzi anakuja Jumanne. Nitakwenda Sabato."

Nilitia kwenye mfuko karatasi moja iliyochapwa, ule ukurasa wa gazeti, kipande cha lino na visu vyangu. Basi lilinifikisha lilipoweza, matope mengine niliyamaliza kwa miguu. Nilimkuta Mwalimu Kemunto nje ya nyumba ya baba yake, amevaa gauni la kanisani, Biblia mkononi.

"Bwakire, Mwalimu."

"Bwakire buya. Fundi! Umekuja kuabudu nasi?"

"Nimekuja juu ya kitabu."

Uso wake ulibadilika kidogo, lakini akainua mkono. "Kitabu ni kazi. Jua likizama utaniambia."

"Mwalimu, ni jambo la haraka."

"Nyumba inaungua?"

"Hapana."

"Basi jua."

Baba yake alitoka, mzee wa kanisa, mrefu, koti limepigwa pasi mpaka linakata. Akaniita momura, yaani kijana, akaniuliza, "Wewe ni wa kanisa gani, momura?"

"Mkatoliki, mzee."

Akafikiri. "Hata hivyo utakula," akasema.

Nilikaa na lile jambo kutwa nzima. Nilikwenda nao kanisani. Mhubiri hakusema lolote lililonihusu, alihubiri juu ya wanaume wanaorudi nyumbani bila salamu. Tulikula ndizi na maharage yaliyopikwa Ijumaa. Mama wa nyumba aliniuliza habari za ng'ombe, nikajibu habari za mvua. Kila Mwalimu Kemunto alipopita alitazama ule mfuko wangu, halafu akatazama kwingine kwa nguvu. Nilielewa kwamba naye anaumia. Yeye alikuwa na Mungu wake wa kumzuia asiulize, mimi nilikuwa na mdomo wangu tu, na ulikuwa unaniwasha. Mara tatu nilianza, "Mwalimu, ile picha..." na mara tatu mzee aliniambia, "Jua, momura," kama mtu anayemfukuza kuku.

Jua likazama nyuma ya mashamba ya chai. Mzee alisimama mlangoni akahakikisha, wakaimba, wakaomba sala ndefu. Kisha akavuta kiti. "Sasa sema."

Nilitandaza ile karatasi mezani karibu na taa, nikaweka ukurasa wa gazeti kando yake. Sikuzunguka. Nilisema, "Nilidhani wamekosea, nikawarekebisha. Kumbe nimekosea mimi. Nakala ni mia sita."

Mwalimu Kemunto aliinamia meza muda mrefu.

"Huyu ameketi."

"Ndiyo."

"Na haya?"

"Magurudumu."

"Nani alikuambia ina magurudumu?"

"Hakuna. Niliona wamesahau."

Mzee akacheka, kicheko kilichotoka tumboni, akapiga goti.

"Tata, usicheke," Mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa ya chini tena. "Fundi, mtoto atasoma kwamba rubani alilala, atatazama picha aone ameketi. Ataniuliza, Mwalimu, nani mwongo hapa? Miaka mitatu nimetafuta ukweli wa kitabu hiki, barua kwa barua, nikimsumbua kila mtu mwenye gazeti. Na wewe umeuketisha na kuuvalisha kofia!"

Nilikuwa sijawahi kugombezwa hivyo tangu kwa mjomba wangu. Nilitoa kile kipande cha lino na visu nikaviweka mezani.

Aliviangalia. "Ulikuja navyo?"

"Nilikuja navyo."

"Kesho asubuhi," akasema. "Utakata hapa. Mimi nitasoma, wewe utakata. Hutakata kitu ambacho sijakisoma."

Jumapili nilikosa misa, padri alikuja kunisamehe baadaye. Tulikaa nje, penye mwanga. Mwalimu alisoma sentensi moja, nikachora kwa penseli kwenye lino, akatazama, akasoma nyingine. Usukani mbele. Reli chini. Propela nyuma, mbili. Nilikuwa na vibao vya miaka mingi mikononi, na sikuwahi kukata hivyo, maneno yakitangulia kisu. Tulipofika kwa rubani nilikwama.

"Sijui mtu anavyolala akiwa anaendesha," nilisema. "Mlevi najua anavyolala. Mgonjwa najua. Huyu yuko macho."

Mzee alikuwa anasikiliza. Aliondoka bila neno, akaleta benchi la kanisani, akavua koti akalikunja vizuri, akalala kwa tumbo juu ya benchi. Shingo ameinua, macho mbele, mkono mmoja umeshika mwiko wa mkewe badala ya mtambo. Watu wawili waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Mzee wa kanisa aliwaambia bila kugeuza shingo, "Piteni, ninaruka."

Hapo Mwalimu Kemunto alicheka. Mimi nilikata haraka kabla mzee hajachoka, na ile shingo iliyoinuka ndiyo mliyoiona kwenye kibao kilichotundikwa ofisini. Wengi mmeniuliza ni nani. Basi ni yeye.

Karatasi ya kuchapa upya kitabu hatukuwa nayo, na mwenye kiwanda alipoarifiwa alizungumza kwa lugha yake muda mrefu, bila kusimama, mimi nikiitikia kwa kichwa. Tukafanya hivi: Jumatatu tulichapa picha mpya peke yake kwenye vipande vilivyobaki, tukachemsha unga wa ngano ukawa gundi, tukabandika picha mpya juu ya picha mbaya, moja moja, mia sita. Mzee Nyabuto alibandika pamoja nami akinung'unika kwamba yeye alishauri vizuri. Lakini alibandika sawasawa kuliko mimi. Gundi ya ngano, kama hamjui, ikizidi maji karatasi inakunjamana, ikizidi unga mende wanakula kitabu. Iwe nzito kama uji wa mgonjwa.

Jumanne mkaguzi alifika. Mwalimu Kemunto alikuwa amekuja kwa basi la kwanza, amesimama na mkoba mbele ya tumbo. Mkaguzi alifunua kurasa polepole, akifurahi, mpaka akafika kwetu. Kidole chake kikasimama. Alipapasa ukingo wa picha kwa ukucha.

"Mmeficha nini hapa?"

Mzee Nyabuto alitazama dari. Nikasema, "Kosa, bwana. Langu. Nilikata picha mbaya, hiyo ya juu ndiyo sahihi."

Alilowesha kidole, akabandua taratibu. Gundi ilikuwa bado changa. Akatazama ya chini, akatazama ya juu, akatazama ya chini tena, na uso wake ukakunjamana.

"Lakini mmefunika ile nzuri! Ndege ni hii yenye magurudumu. Hiyo nyingine inarudi nyuma."

Moyo wa Mwalimu ulianguka, niliuona ukianguka. Alifungua mdomo, mimi nikamtangulia, maana hapo palikuwa pangu.

"Bwana Mkaguzi," nilisema, "hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi, na mimi ni mtu wa darasa la tatu. Msikilize aliyesoma."

Baiskeli ilipita nje. Nilidhani nimekiua kitabu. Lakini Mwalimu alifungua mkoba, akatoa ukurasa wa gazeti, na barua, na barua nyingine, akaziweka moja juu ya moja, akamweleza kwa sauti yake ya chini kwa nini usukani uliwekwa mbele na kwa nini mtu alilala. Mkaguzi aliuliza maswali kama saba. Mwisho alirudisha ile picha mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba, akasema, "Hata mimi ningekosea." Akatia sahihi.

Vitabu vilikwenda. Miaka imepita, nimekata vibao vingine vingi, vizuri na vibaya, Mzee Nyabuto tulimzika, na mashine mpya ikaja ikanifanya niwe mtu wa kufunga vifurushi. Sikulalamika, na silalamiki sasa. Ila niwaambie jambo moja ambalo hamkuwahi kulisikia. Miezi michache kabla ya kustaafu nilipeleka madaftari ya mahudhurio kwenye shule moja kule Birongo, nikasubiri darasani mwalimu atie sahihi. Watoto walikuwa na kitabu chetu mezani, majalada yamechakaa. Nilichungulia. Kila nakala, kila moja, picha ya nane ilikuwa imebanduliwa pembeni. Watoto wanajua mahali penye kitu kilichofichwa. Ukingo ulikuwa mweusi kwa alama za vidole vya miaka mingi. Kosa langu, ambalo Mzee Nyabuto alisema hakuna atakayelijua Kisii nzima, lilikuwa limetazamwa na kila mtoto aliyesoma.

Msichana mmoja aliona ninatazama. Akanionyesha, kama mwalimu anavyomwonyesha mjinga.

"Hii ya juu ndiyo ya kweli, babu. Hii ya chini ilikatwa na mtu ambaye hakujua. Sisi tunatafuta makosa yake. Mimi nimepata matano."

"Ni manne," nilisema.

"Matano. Rubani wa kweli hana kofia kama hii."

Nikahesabu. Alikuwa sahihi.

"Nani aliikata?" akauliza.

"Mimi."

Alinitazama, akaitazama ile ndege yenye magurudumu, bila huruma.

"Na ya juu?"

"Pia mimi."

"Uliiona wapi?"

"Sikuiona," nilimwambia. "Nilisomewa."

Alikubali jibu hilo. Alilamba kidole, akairudisha picha ya juu mahali pake, akaikandamiza, akaendelea kusoma.